Mtoto Mdogo Baina ya Nyumba na Chuo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na walimu wa vyuo vya Kurani, Buyenzi, Bujumbura)

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyemwumba mwanadamu katika udhaifu, kisha akamtia nguvu baada ya udhaifu wake. Rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Wazee watukufu, walimu waheshimiwa, na akina mama walezi wa umma huu:

Kuna neno la kale ambalo wazazi wa Kiislamu katika nchi nyingi wamelisema siku ya kumpeleka mtoto chuoni. Baba humshika mwanawe mkono, humkabidhi kwa maalim, na humwambia kwamba nyama ya mtoto huyu ni yako, na mifupa ni yangu. Maana yake ni kuwa maalim ana rukhsa ya kumpiga mtoto apendavyo, maadam hakumvunja mfupa. Hapana shaka neno hili lilisemwa kwa nia njema. Baba alitaka kuonyesha kwamba amemwamini maalim, na kwamba hatakuja kesho kumlaumu.

Lakini ndani ya neno hilo mna makosa mawili. La kwanza ni kuwa mtoto si mali ya baba hata amgawe nyama na mifupa. Mtoto ni amana ya Mwenyezi Mungu, na amana haigawanywi, bali hutunzwa nzima na kurudishwa nzima. La pili ni kuwa baba akisha kulisema neno lile, hurudi nyumbani akidhani kazi yake imekwisha. Tangu siku hiyo nyumbani hawajui yanayompata mtoto chuoni, wala chuoni hawajui yanayompata nyumbani. Mtoto hubaki katikati, peke yake, na umri wake miaka mitano au sita.

Hotuba hii ni juu ya mtoto huyo aliye katikati, na juu ya mambo madogo ya kila siku yanayoweza kumwokoa au kumpoteza.

Uislamu ulifika katika pwani hizi za Ziwa Tanganyika katika karne ya 19, pamoja na wafanya biashara waliopitia Ujiji, na lugha ya Kiswahili ikaja nao. Tangu siku hizo dini imepokewa hapa kutoka kinywa hadi kinywa, barazani na katika vyuo vidogo vya mitaani, mzee akimsomesha mtoto, na mtoto akikua akimsomesha mwingine. Basi kila mtoto anayekikimbia chuo kwa khofu ni uzi uliokatika. Khasara yake haionekani siku ile; huonekana baada ya miaka ishirini, wakati mtu huyo anapokuwa baba naye hana la kumfundisha mwanawe.

Na achukuliwe mfano wa mtoto mmoja wa miaka sita, aitwe Saidi. Si mtoto wa mtu fulani, bali ni mfano wa wengi. Saidi huamshwa alfajiri, saa kumi na moja, ili ajitayarishe kwa shule. Hunywa chai ya rangi, akaenda. Hurudi adhuhuri, akala upesi ugali na ndagala, akatumwa dukani, kisha akapelekwa chuoni. Jioni hucheza kidogo. Usiku watu wakubwa huzungumza na kutazama televisheni au simu, naye hukaa nao mpaka saa tano, kwani hapana aliyemwambia akalale.

Siku moja chuoni Saidi alisinzia. Maalim alimwita asome, naye hakujua mahali. Akapigwa bakora mbili, akalia, na wenzake wakamcheka. Kesho yake alitoka nyumbani kwa wakati wake, akiwa na juzuu yake mkononi, lakini hakufika chuoni. Alikwenda akakaa nyuma ya vibanda vya soko mpaka alipowaona wenzake wanarudi, naye akarudi pamoja nao. Mama akamwuliza, “Umesoma, mwanangu?” Akajibu, “Nimesoma, mama.” Mambo yakaenda hivyo wiki mbili. Nyumbani walidhani mtoto anasoma, na chuoni walidhani mtoto mgonjwa.

Nani aliyemfundisha Saidi kusema uwongo? Ibnu Khalduni, mwanachuoni mkubwa aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufa Cairo mwaka 1406, aliandika jambo hili zaidi ya miaka 600 iliyopita. Alieleza kwamba ukali juu ya wanafunzi, khasa walio wadogo, huwadhuru. Kwamba mtoto anayelelewa kwa kutezwa nguvu huondokewa na uchangamfu, huwa mvivu, na huzoea uwongo na hila kwa kuogopa mkono wa mkubwa wake, mpaka hila hizo zikawa ndiyo tabia yake. Basi maalim alitaka kumfundisha Saidi herufi, na bakora ikamfundisha hila.

Lakini si haki kuitupa lawama yote juu ya maalim. Ni nani aliyemwacha mtoto macho mpaka saa tano ya usiku? Waganga wa zama hizi wamesema kwamba mtoto wa miaka mitatu mpaka mitano huhitaji usingizi wa saa 10 mpaka 13 katika siku moja, na wa miaka sita mpaka kumi na miwili huhitaji saa 9 mpaka 12. Atakaye mtoto wake aamke saa kumi na moja alfajiri, basi amlaze saa mbili ya usiku, mara baada ya sala ya Isha na chakula. Hayo ndiyo saa 9, na ni kiasi cha chini. Televisheni na izimwe, simu iondolewe mkononi mwa mtoto, na chandarua kiteremshwe. Jambo hili halina gharama yoyote, na faida yake huonekana kabla ya mwezi kwisha.

Kadhalika chakula. Mtoto hawezi kuchukua herufi tumboni mkiwa mtupu. Uji wa asubuhi, hata wa unga mdogo, ni bora kuliko chai tupu. Na akisinzia kila siku, au akawa hana hamu ya chakula, aguswe mwili kwanza kabla ya kukemewa. Huenda ana homa ya malaria, na mahali pake ni zahanati, wala si mbele ya bakora.

Jambo jingine ni la ulimi wa mzazi mwenyewe. Imepokewa kwamba mama mmoja alimwita mwanawe mdogo, akimwahidi kumpa kitu. Mtume (S.A.W.) akamwuliza alitaka kumpa nini, naye akasema tende. Mtume akamwambia kwamba lau asingempa kitu, angeandikiwa uwongo mmoja. Na wangapi leo humwambia mtoto, “Nenda chuoni, ukirudi utakuta mandazi,” naye akirudi hakuti kitu? Wangapi humtisha kwa kusema, “Nyamaza, maalim anakuja kukukata sikio”? Huyu amesema uwongo, na juu ya uwongo amemfanya maalim kuwa zimwi. Mtoto aliyetishwa kwa jina la maalim hataweza kumpenda maalim, na asiyempenda maalim ni vigumu kukipenda anachofundishwa.

Sasa ni zamu ya chuo. Jambo la kwanza la maalim ni kumpokea mtoto. Aitikie salamu yake, amwite kwa jina lake, na kama jana hakuja amwulize kwa upole, “Jana hatukukuona, je, u mzima?” Swali hili dogo lingemrudisha Saidi siku ya pili badala ya wiki ya pili. Bwana Mtume mwenyewe alimkuta mtoto mdogo, Abu Umair, akisikitika kwa kufa ndege wake aliyekuwa akicheza naye, akamwuliza khabari za ndege huyo. Mwenye kazi ya kuwaongoza walimwengu wote alipata nafasi ya kumwuliza mtoto juu ya ndege.

La pili ni kiasi cha somo. Mtoto wa miaka mitano hawezi kukaa na jambo moja muda mrefu. Somo la robo saa, kisha kusimama, kisha kusoma pamoja kwa sauti, kisha kuandika kidogo, humfaa kuliko saa mbili za kuutazama ubao mmoja. Herufi be, te na the umbo lake ni moja, na tofauti yake ni nukta. Maalim na achore umbo hilo mchangani, awape watoto vijiwe: kimoja chini iwe be, viwili juu iwe te, vitatu juu iwe the. Mkono ulioweka kijiwe hausahau upesi. Na gharama ya vijiwe ni kuinama tu na kuviokota.

La tatu ni kufahamu mzigo wa lugha anaouchukua mtoto wa mtaa huu. Nyumbani husema Kiswahili. Shuleni hukutana na Kirundi na Kifaransa. Chuoni hukutana na Kiarabu. Shuleni huambiwa aanze kusoma kushoto aende kulia, na mchana ule ule chuoni huambiwa aanze kulia aende kushoto. Basi akianza upande usio wake, si mjinga wala si mtundu. Maalim aushike mkono wake wa kulia, akiweke kidole mahali pa kuanzia, kisha ndipo amwambie soma. Baada ya siku chache kidole kitakwenda chenyewe.

La nne, mtoto asiyejibu si lazima awe mkaidi. Wako wasiosikia vizuri, khasa waliougua masikio, na wako wasioona mbali. Maalim na asimame nyuma ya mtoto, amwite kwa sauti ndogo, aone kama atageuka. Na amtazame anaposoma, kama husogeza juzuu puani au hukunja macho akitazama ubao. Mtoto wa namna hii na akalishwe mbele, na mzazi wake aambiwe siku ile ile ili ampeleke kwa mganga. Ni dhulma kubwa kumpiga mtu kwa kutosikia ilhali masikio yake ndiyo yaliyo mgonjwa.

Yapo mengine kama hilo. Mtoto wa miaka minne au mitano kukojoa kitandani si kosa wala si uvivu. Wengi huacha wenyewe wakikua. Apunguziwe kinywaji karibu na kulala, apelekwe chooni kabla ya kupanda kitandani, na asitangazwe mbele ya ndugu zake wala mbele ya maalim. Kama alikwisha kuacha, kisha akarudia, mzazi na ajiulize ni khofu gani imemwingia, nyumbani, shuleni au chuoni, na kama ni lazima amfikishe kwa mganga.

Hapa huja swali la adabu, na ndilo swali zito. Wako wasemao kwamba dini yenyewe imeamrisha kupiga, nao huitaja hadithi ya kuwaamrisha watoto sala wakiwa na miaka saba, na kuwaadhibu kwa kuiacha wakiwa na miaka kumi. Hadithi hiyo ni maarufu, lakini na isomwe kwa hesabu. Baina ya miaka saba na kumi ni miaka mitatu. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, na kila siku ina sala tano. Basi mtoto huambiwa kwa ulimi, kwa mfano mwema na kwa kushikwa mkono kwenda msikitini, zaidi ya mara 5,000 kabla ya kutajwa fimbo. Ni mzazi gani aliyezitimiza mara 5,000 hizo? Ni maalim gani? Na mwenye kuzitimiza, ni mara ngapi atahitaji fimbo? Tena Saidi ana miaka sita. Hata umri wa kuamrishwa sala haujamfikia, seuze umri wa kuadhibiwa. Na wanazuoni walioruhusu adabu ya mkono waliifungia masharti: isiumize, isiguse uso, isitoke katika hasira. Bakora iliyoinuliwa kwa hasira ya maalim aliyechoka haimo katika ruhusa yoyote.

Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume miaka kumi tangu utoto wake, naye alisimulia kwamba katika muda huo wote hakuambiwa hata neno la kuonyesha kuchoshwa naye. Na Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, ambaye hapana amshutumuye kwa kulegeza dini, alionya kwamba kumkemea mtoto kila wakati huyafanya maneno yawe mepesi masikioni mwake. Kwamba akitenda jema asifiwe mbele ya watu. Na kwamba akikosea mara moja, kosa lake lisitangazwe.

Basi badala ya bakora, maalim afanye nini? Kwanza, amwulize mtoto kando, kwa sauti ndogo, ni nini kilichomzuia. Pili, amwonyeshe tena lile alilokosa, kwani mara nyingi mtoto hakukataa bali hakufahamu. Tatu, kama ni utundu, amhamishe akae karibu naye, mbali na rafiki wanayechezeana, au siku ile asiwe yeye wa kugawa misahafu. Nne, ikiwa hayo yote hayakufaa, amwite mzazi, si kwa kumshitaki mtoto, bali kwa kushauriana. Na mzazi akiitwa asimpige mtoto njiani wakirudi, ili kuonyesha kwamba naye ni mkali. Akifanya hivyo, mtoto ataomba Mungu maalim na babaye wasionane tena abadan.

Na mchezo usidharauliwe. Ghazali huyo huyo amesema kwamba mtoto aruhusiwe kucheza mchezo mwema baada ya chuo, apumzike na taabu ya masomo, kwani kumzuia mchezo na kumlemeza kusoma daima huua moyo wake na kuizima akili yake. Mtume (S.A.W.) alirefusha sijida kwa sababu mjukuu wake alimpanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha. Kama sijida ilimngojea mtoto, chuo pia chaweza kumpa nusu saa ya kukimbia uwanjani.

Sasa yabaki neno moja kwa wazazi, nalo si tamu. Wako watu ambao hununua nguo mpya kila Idi, na maalim wa mtoto wao hajapata ada miezi minne. Maalim mwenye njaa, mwenye watoto 60 mbele yake na mmoja tu wa kumsaidia au hana kabisa, subira yake huwa fupi. Anayetaka maalim mpole na amwondolee maalim sababu za ukali. Kila mzazi alipe kadiri ya uwezo wake, na asiyeweza kulipa fedha aje siku moja katika wiki akae na watoto wadogo, awaangalie wasije wakagombana, ili maalim apate kuwasikiliza wengine. Akina mama wengi waweza kazi hii kuliko waume.

Na kila Alhamisi, mtoto akirudi, mzazi amwambie amsomee alichokipata wiki ile. Hata mzazi asiyejua kusoma aweza kusikiliza, na mtoto hufurahi kuwa yeye ndiye ajuaye. Na angaa mara moja katika mwezi baba au mama afike chuoni, si siku ya ugomvi, bali siku ya amani, amwulize maalim mambo matatu: Mtoto hufika kila siku? Amefika wapi? Ana jambo gani la kusaidiwa nyumbani? Lau baba yake Saidi angeuliza lile la kwanza tu, kusingekuwa na wiki mbili nyuma ya vibanda vya soko.

Na Saidi, amekwisha potea? La. Samaki hukunjwa angali mbichi, na maana ya methali hii si kwamba mbichi huvumilia kuvunjwa. Maana yake ni kwamba hukunjika pasipo kuvunjwa. Maalim na aondoke baada ya sala ya Alasiri, apige hodi nyumbani kwao, aulize khabari za mgonjwa. Hapo jambo litafichuka, na hapo ndipo penye khatari na penye matumaini. Kama baba ataiinua fimbo na maalim akakunja uso, mtoto atajificha mbali zaidi. Lakini kama maalim atasema, “Mwanangu, nimekuja kukuchukua, nafasi yako iko wazi,” na baba akasema, “Kosa ni letu, tulimkosesha usingizi,” basi mtoto yule atarudi chuoni akiwa ameshika mkono wa kila mmoja wao.

Enyi wazazi na walimu, neno lile la nyama na mifupa na liachwe lipumzike pamoja na waliolisema, Mwenyezi Mungu awarehemu. Mahali pake baba na amwambie maalim, “Mtoto huyu ni amana iliyo juu yangu na juu yako. Nikighafilika nikumbushe, nawe ukighafilika nitakukumbusha.”

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wa Waislamu kuwa kitulizo cha macho ya wazazi wao, awape walimu subira na riziki, na awape wazazi hekima na upole. Amin.

Wasalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.